Nyumba ya Bi Siwatu Yapandishwa Cheo Kuwa Sanaa

Iko nchi moja ambayo sitaitaja, maana yenyewe haipendi kutajwa bila kibali. Anayetaka kuijua ajue tu kwamba ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko manesi, na kwamba mimi ni raia wake mtiifu. Nasimama wimbo unapopigwa, na sijawahi kumkosoa kiongozi kwa sauti inayosikika nje ya chumba changu. Nayasema haya mapema ili anayesoma asidhani nina chuki na mtu.

Katika nchi hiyo kuna Jumba la Taifa la Sanaa ya Kisasa, na mimi sikosi onyesho hata moja. Sanaa naipenda, ila napenda zaidi sambusa. Kila onyesho linapofunguliwa wageni hupitishiwa sambusa za nyama kwenye sinia, na mlinzi wa mlangoni hamzuii mtu aliyevaa koti. Koti ninalo.

Jumba lenyewe limesimama katikati ya mtaa wetu, Mabanzi, mahali palipokuwa na nyumba za watu. Lilijengwa na Wizara ya Sanaa na Ubomoaji. Ndiyo, wizara ni moja. Serikali yetu ilikuwa inabana matumizi, ikaunganisha wizara mbili zilizokuwa zikitumia rangi nyekundu kwa wingi. Waziri wake, Mheshimiwa Makwaru, mtu mnene mwenye sauti laini, hupenda kusema kwamba kuchora na kubomoa ni kazi moja, tofauti ni chombo tu. Akisema hivyo watu hupiga makofi, nami hupiga, mdomo ukiwa umejaa.

Onyesho la kwanza liliitwa "Milango". Kwetu, nyumba inayotakiwa kubomolewa huchorwa alama kubwa ya X mlangoni, na mwenye nyumba akiiona huanza kufungasha virago. Basi wataalamu wa Jumba waliing'oa milango hiyo kabla katapila halijapita, wakaitundika ukutani chini ya taa nzuri za manjano. Pembeni waliandika kwamba msanii ni Wizara. Nilikwenda na jirani yangu Bi Siwatu, mama anayefuma vitambaa vya makochi, ambaye alikuwa hajawahi kuonja sambusa za serikali. Tukawa tunapita mlango hadi mlango, hadi akasimama ghafla.

"Huu si wa dada yangu?" akasema. "Tazama jirani, komeo hili nimelipigilia mimi."

Akanyoosha mkono. Mlinzi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mama, usiguse sanaa!"

"Baba, mlango huu nimeusukuma kwa goti nikiwa na ndoo kichwani."

"Zamani ulikuwa mlango. Sasa ni kazi. Rudi nyuma ya kamba."

Bi Siwatu akarudi nyuma ya kamba. Dada yake alikuwa amehamishiwa Bondeni Jipya, huko serikali inakowapa viwanja watu wote waliobomolewa. Bi Siwatu aliwahi kwenda kumtembelea mara moja. Sambusa yake hakuimaliza. Aliifunga kwenye ncha ya kanga ampelekee mjukuu.

*

Mjukuu huyo anaitwa Hidaya. Mama yake yuko Uarabuni anafanya kazi za ndani, na mtoto, ambaye hata shule hajaanza, analelewa na bibi. Wanataniana kama desturi ilivyo: bibi humwita mke mwenzangu, na Hidaya humjibu kwamba yeye ndiye mke mdogo, kwa hiyo asitumwe kuosha vyombo. Ni mtoto mchangamfu sana, ila ana pumu. Kikimbana kifua, midomo hubadilika rangi, na macho humtoka.

Ndiyo maana Bi Siwatu anaipenda nyumba yake kuliko anavyoweza kueleza. Nyumba ni ya matofali na mabati, ya vyumba viwili, wala haina la kujivunia isipokuwa moja: ukisimama mlangoni unaiona zahanati ya mtaa. Mtoto akibanwa, bibi humtupa begani na kukimbia, na wanafika mtoto angali anahema. Kule Bondeni Jipya hakuna zahanati. Kuna kibao kinachosema zahanati itajengwa hapa, na kibao hicho Mheshimiwa Makwaru ameshakizindua zaidi ya mara moja.

Sasa ikawa Jumba linapendwa na wageni, wageni wanakuja na magari, na magari hayana pa kukaa. Wizara ikatafakari kwa kina, ikaona kwamba ile nusu ya Mabanzi iliyobaki ingefaa sana kuwa maegesho. Wakaja vijana na ndoo za rangi. Mlango wangu ukapata X, nikashukuru kwa adabu. Mlango wa Bi Siwatu nao ukapata, kubwa, yenye michirizi hadi chini.

Kesho yake likapita gari la matangazo. Ndani yake alikaa Mkurugenzi Mkuu wa Jumba, Dakta Mabawa, aliyesoma ng'ambo muda mrefu na kurudi na skafu ya sufu ambayo huivaa hata kwenye jua la saa saba.

"Ndugu wananchi wa Mabanzi," kipaza sauti kikanguruma, "hongereni kwa kubomolewa! Jumba lenu linatayarisha onyesho kubwa litakaloitwa Mwananchi wa Kawaida. Wageni wetu kutoka nchi zilizoendelea wamechoka na picha za kuchora. Wanataka umaskini halisi, wa hapa hapa, usioigizwa. Kamati itatembelea nyumba zenu. Nyumba moja itakayokidhi viwango itapandishwa cheo kuwa kazi ya sanaa, pamoja na waliomo. Na sheria ya nchi, ndugu zangu, inakataza kabisa kuvunja kazi ya sanaa!"

Bi Siwatu aliacha sindano yake ya kufumia ikining'inia.

"Jirani, umesikia? Ikiwa sanaa haivunjwi."

"Nimesikia."

"Basi yangu itakuwa sanaa. Wallahi itakuwa."

*

Hapa ndipo sisi watu wa Mabanzi tulipofanya kosa ambalo nadhani hakuna wengine duniani wangelifanya. Mtaa mzima uliamua kumpigania Bi Siwatu, kwa sababu ya mtoto. Na kwetu, mgeni wa heshima akisema anakuja, kuna mambo hufanyika bila mtu kuambiwa wala kuulizana.

Vijana wakapaka nyumba chokaa nje na ndani, ile X ikatoweka kabisa. Akina mama wakafagia uwanja hadi ukang'aa. Mapazia ya kamba za dhahabu yakaazimwa kwa mama mmoja aliyekuwa ameyaweka kwa ajili ya harusi ya binti yake. Bi Siwatu akatoa vitambaa vyote alivyowahi kufuma, akavitandika kwenye viti, kwenye redio, kwenye mtungi wa maji, hata juu ya jiwe la kuegemezea mlango. Mimi nilileta glasi zangu zenye maua. Udi ukafukizwa. Hidaya akapakwa mafuta, akasukwa, akavishwa gauni la Idi. Na pilau ikapikwa, pilau ambayo harufu yake ilimfanya mlinzi wa Jumba aache lindo.

Kamati ikafika.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni ndani. Piteni na viatu, baba."

Dakta Mabawa akaingia, akasimama. Akatazama kuta nyeupe, akatazama mapazia, akamtazama Hidaya aliyekuwa anampigia goti kumwamkia. Akamnong'oneza mjumbe aliyekuwa nyuma yake, "Tumekosea nyumba."

"Hapana, ndiyo yenyewe," mjumbe akasema.

"Mama, hapa ndipo unapoishi?"

"Ndipo, baba. Karibu kiti."

"Na umaskini wako uko wapi?"

Bi Siwatu akainamisha uso kwa haya. "Tumeuondoa, baba. Tulisikia wageni mnakuja."

Walikaa, wakala. Sitawasema vibaya, walikula vizuri sana. Wakaongezewa, wakala tena, na mjumbe mmoja akaomba ya kumpelekea mkewe. Kisha Dakta Mabawa akajifuta midomo kwa kitambaa cha kochi, akasimama na kutoa uamuzi.

"Kwa masikitiko makubwa, nyumba hii haikidhi viwango vya kimataifa. Nimesoma umaskini kwa miaka mingi, mama, nimeuandikia kitabu. Hapa sikuuona. Hapa kuna usafi, kuna heshima, kuna iliki. Mgeni akija hapa hatasikitika. Atashiba."

"Nimekosa nini, baba?" Bi Siwatu akauliza. "Chumvi ilizidi?"

Nilitamani nimshike huyo Dakta kwa skafu yake. Lakini mimi ni raia mtiifu, nikakusanya glasi zangu.

*

Kilichotuokoa ni hotuba. Hotuba ya Mheshimiwa Makwaru ya kufungulia onyesho ilikuwa tayari imekwisha kupita kwenye vikao vyote, na ndani yake kulikuwa na maneno "kibanda hiki kilicho nyuma yangu, kinachovuja". Katika nchi yetu hotuba ya waziri haibadilishwi. Hubadilishwa nchi. Na kwa kuwa mahali pa kujenga jukwaa palikuwa pamepimwa mbele ya nyumba ya Bi Siwatu, ikabidi nyumba ile ile ivuje.

Akaletwa Mtaalamu wa Uchakavu. Nilikuwa sijui kwamba kuna elimu hiyo, lakini ipo, na Wizara ilimsomesha. Alikuja na masizi kwenye mkebe, msasa, nyundo na misumari. Chokaa yote akaikwangua. Akapaka masizi ukutani kwa brashi ndogo, akirudi nyuma kutazama kisha akiongeza kidogo pembeni. Vitambaa vyote vya Bi Siwatu akavikusanya kwenye gunia, maana vilikuwa vinaleta matumaini yasiyohitajika. X akaichora upya, nzuri kuliko ile ya kwanza. Mwisho akapanda juu ya paa akaanza kutoboa mabati.

"Mwanangu," Bi Siwatu akamwita kutoka chini, "na mvua ikinyesha?"

"Hiyo ndiyo shabaha, mama."

Vumbi la masizi na kutu likawa linashuka. Hidaya, aliyekuwa amekaa kitandani anatazama nyota za mwanga zikitokea juu yake moja baada ya nyingine, akaanza kukohoa. Dakta Mabawa alikuwa nje anaongea na simu. Akakata simu.

"Nani huyo?"

"Mjukuu wangu," akasema Bi Siwatu. "Ana pumu, baba. Vumbi likizidi ndivyo anavyokuwa."

Uso wa Dakta ulichanua. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiifungua ile skafu. Akasikiliza kwa macho yaliyofumbwa, kama mtu anayesikiliza taarabu, kisha akageuka akapaza sauti kuelekea juu ya paa:

"Ongeza vumbi!"

Nilimvuta Bi Siwatu pembeni.

"Kataa," nikamwambia. "Watu hawa si wazima."

"Nikikataa niende wapi, jirani? Kwa dada? Hapa mtoto akibanwa namfikisha kwa nesi. Kule akibanwa nimfikishe wapi, kwenye kibao?"

Nikaingia ndani, nikambeba Hidaya nikamtoa vumbini.

*

Nyumba ikapandishwa cheo. Majirani wote tuliobaki tukabomolewa, kwa utaratibu mzuri sana, na mimi nikahamia chumba cha kupanga nyuma ya zahanati, chembamba cha mtu mmoja, chenye kodi ambayo vitambaa vya Bi Siwatu visingeilipa. Nyumba ya Bi Siwatu ikabaki peke yake katikati ya lami, magari yameegeshwa pande zote hadi dirishani, moshi ukiingia ndani. Mlangoni ikabandikwa karatasi ya maelezo yenye maneno magumu, ikisema kazi hii inahoji uhusiano kati ya paa na anga.

Yakaja masharti. Kazi ya sanaa haibadiliki. Kwa hiyo Bi Siwatu hakuruhusiwa kuziba tundu, wala kusogeza kitanda pasipovuja, kwa kuwa mahali pa kitanda palikuwa pamechaguliwa na kamati. Hakuruhusiwa kufagia. Alitakiwa kukaa kwenye kigoda, shavu mkononi, kuanzia milango ya Jumba inapofunguliwa hadi inapofungwa. Na ile pampu ya kuvutia dawa ya Hidaya, ya plastiki ya buluu, ikapigwa marufuku muda wa maonyesho, kwa sababu haikuendana na mtindo wa kazi.

"Atumie jioni," Dakta akaelekeza. "Jioni ni mtoto wenu. Mchana ni wa taifa."

Wageni wakaja kwa makundi kabla hata ya ufunguzi rasmi. Wengine walijifunika pua kwa vitambaa vyenye manukato. Bibi mmoja mwenye kofia pana alitokwa na machozi, akaomba apigwe picha akitokwa nayo. Mwingine, mwandishi wa habari za sanaa, alilalamika kwamba alipoingia mtoto alitabasamu na kumwambia shikamoo, na jambo hilo likamwondolea uchungu aliokuja nao.

Lalamiko hilo likashughulikiwa haraka kuliko lalamiko lolote ninalolijua katika nchi yetu. Dakta Mabawa alikuja mwenyewe na pakiti ya biskuti za krimu. Akachuchumaa mbele ya Hidaya, akamfundisha: ukiona wageni mlangoni, husemi shikamoo. Unakohoa. Ukikohoa vizuri, unapata biskuti.

Hidaya ni mtoto, akaona ni mchezo. Akajifunza upesi. Nilipopita kumsalimia bibi yake nikiwa nimevaa lile koti langu, mtoto aliniona mlangoni, akashika kifua akakohoa hadi akainama, kisha akainua uso na kunyoosha kiganja apewe biskuti.

"Ni mimi, Hidaya," nikamwambia. "Mimi si mgeni."

"Una koti," akanijibu.

Koti hilo nililivua pale pale. Bi Siwatu alikuwa kwenye kigoda, shavu mkononi, kama alivyoagizwa. Alinitazama bila kusogeza kichwa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ufunguzi ukipita mambo yatalegea, wageni watapungua, na yeye atapanda kimyakimya kuziba matundu yaliyo juu ya kitanda. Alikuwa amepata kipande cha bati na amekificha chini ya godoro.

*

Siku ya ufunguzi ilifuata mvua za siku kadhaa. Godoro la Hidaya lilikuwa limelowa hadi linatoa maji ukilikanyaga. Uwanjani lilisimamishwa turubai jeupe, makochi mekundu yakapangwa mbele, na mabalozi wakakaa. Mlangoni pa Bi Siwatu ulifungwa utepe wa rangi za bendera, kutoka fremu hadi fremu. Bi Siwatu na mjukuu walikuwa ndani, kama sehemu ya kazi, wanaonekana vizuri kupitia mlangoni kwa taa zilizowekwa.

Nilisimama upande wa dirisha. Sinia la sambusa lilipita mbele yangu na nikachukua moja kwa mazoea tu, maana nilikuwa namtazama mtoto. Hakuwa sawa. Amekaa wima kitandani, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka.

Bi Siwatu akaja dirishani. Dakta Mabawa alikuwa hapo, anarekebisha skafu.

"Dakta, kifua kimembana toka alfajiri. Nimempulizia dawa, haisaidii. Niruhusu nimkimbize hapo zahanati, nirudi."

"Baada ya utepe, mama."

"Zahanati ile pale. Naiona."

"Mama, elewa. Huyu ni kazi namba moja ya onyesho. Kazi haitoki nje ya Jumba bila kibali cha Wizara, na anayetoa kibali ndiye anapanda jukwaani sasa hivi. Ukitoka naye, nyumba si sanaa tena. Umenielewa? Rudi kwenye kigoda."

Bi Siwatu akatazama nyuma, akatazama paa, akarudi.

Mheshimiwa Makwaru akakohoa kidogo kwenye kipaza sauti, kikohozi cha kizalendo.

"Waheshimiwa mabalozi, Mkurugenzi Mkuu, itifaki imezingatiwa. Kuna watu wanaosema serikali yetu haiwajali maskini. Nawauliza: ni serikali gani nyingine imemwekea maskini taa? Tuliahidi kuutokomeza umaskini. Ahadi ni ahadi, na tunaendelea kubomoa. Lakini tukajiuliza, sisi kama viongozi wenye maono: tukiumaliza wote, wajukuu zetu watauona wapi? Ndipo tukaamua kuuhifadhi! Kibanda hiki kilicho nyuma yangu, kinachovuja, si aibu yetu. Ni hazina yetu! Mataifa mengine yana piramidi. Sisi tuna mama huyu!"

Makofi. Akaendelea hivyo kwa kirefu, akashukuru Wizara yake, akajishukuru mwenyewe kwa unyenyekevu. Nami nilikuwa naangalia mabega ya Hidaya. Yalianza kupungua kasi, na sikulipenda hilo hata kidogo.

"Na sasa," waziri akasema, akiinua mkono, "kabla sijakata utepe, naomba tunyamaze, tusikilize sauti halisi ya mwananchi wa kawaida."

Mabalozi wakainamisha vichwa. Mpiga picha akasogeza kinasa sauti. Uwanja mzima ukangoja mtoto akohoe.

Kimya.

"Kohoa, mtoto mzuri," Dakta akanong'ona dirishani, anapepea pakiti ya biskuti. "Kohoa. Wageni hawa hapa."

Hidaya alimwona. Alimwona, na nawaapia alijaribu. Alifungua mdomo, shingo ikajikaza, na hakuna kilichotoka, wala pumzi. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu.

"Mbona hakohoi?" waziri akauliza kwenye kipaza sauti kilichokuwa wazi. "Niliambiwa anakohoa."

Bi Siwatu alisimama, akamnyakua mtoto kitandani, akamweka begani, akaja mlangoni. Utepe ulimkuta kifuani. Hakuinama kuupita wala hakuusogeza. Alitembea tu kama vile haupo, nao ukavutika, ukavutika, ukakatika.

Mheshimiwa Makwaru alikuwa ameshachukua mkasi. Alibaki ameuinua hewani.

"Utepe wangu!" akasema.

"Mzuieni!" Dakta akapiga kelele. "Kazi inatoka! Kazi inatoka!"

Na hapo balozi mmoja, mtu mrefu mwenye nywele nyeupe, akainuka kwenye kochi lake jekundu akaanza kupiga makofi. Alidhani ndivyo kazi inavyokwisha. Wenzake wakainuka, nao wakapiga, na walinzi waliokuwa wanakimbia wakasimama, maana huwezi kumkamata mtu anayepigiwa makofi na mabalozi. Bi Siwatu akapita katikati yao, kanga inamwanguka, miguu pekupeku kwenye lami. Kuna mama mmoja alijifuta machozi na kusema, "Ajabu, ajabu kabisa." Niliitema sambusa ya serikali kwenye zulia jekundu. Sijawahi kuchukizwa hivyo na watu wanaonukia vizuri.

Waziri hakupiga makofi. Yeye anaijua sheria. Kitu kisichozinduliwa na kiongozi si kitu, na utepe uliokatwa na mtu asiye na cheo haujakatwa, umeharibiwa. Niliposhika njia kuwakimbilia nilimsikia akimwambia Dakta, kwa ile sauti yake laini, kwamba magari bado yanahitaji nafasi.

*

Zahanati ilimpokea mtoto mlangoni. Nesi, binti mwenye haraka na maneno machache, alimkalisha, akamvika barakoa ya mashine ya dawa, ukungu mweupe ukaanza kumwingia. Bi Siwatu alisimama ukutani, amejikumbatia. Dirisha lilikuwa wazi. Tulilisikia katapila likiwashwa, kisha mabati, kisha ukuta. Hakugeuza shingo. Macho yake yalikuwa kwenye kifua cha Hidaya, akihesabu kitu anachokijua mwenyewe.

Kifua kikaanza kupanda. Kikapanda tena. Rangi ikarudi midomoni polepole, kucha zikaacha kuwa za majivu. Nesi akashusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Amewahi, bibi. Ungechelewa kidogo tungeongea mengine. Leo atalala hapa. Mnakaa wapi, nikuandikie dawa za kwenda nazo?"

"Tutakaa Bondeni Jipya," akasema Bi Siwatu.

Nesi akaacha kuandika. Alimtazama Bi Siwatu, kisha akanitazama mimi, halafu akachukua kipimo chake cha kusikilizia kifua. Akamwondolea Hidaya barakoa, akamwekea kile kipimo mgongoni.

"Haya mama, hebu kohoa kidogo nisikie."

Hidaya hakukohoa. Alijiinua kwa shida, akageuka, akatazama mlangoni, akatazama dirishani, kisha akamtazama bibi yake.

"Bibi," akauliza, "wageni wako wapi?"

Bi Siwatu akajifunika uso kwa kanga.